Barafu Chini ya Turubai Jeusi

Barafu ya Kolwezi inanuka samaki. Niliisukuma kwenye mkokoteni kwa muda mrefu kuliko nilivyodumu kwenye kazi nyingine yoyote, na mpaka leo nikikaribishwa kinywaji baridi nanusa glasi kwanza. Watu hudhani natafuta sumu. Natafuta ile harufu tu, na mara nyingi naipata.

Nilikuwa nimerudi kutoka Kasaji, ambako nilichoka kusukuma baiskeli zilizojaa mihogo ya watu. Kabla ya Kasaji nilikuwa Mutoshi, nikiosha mawe yasiyo yangu kwenye maji yaliyonibabua vidole. Sikai mahali. Shule niliiacha kabla ya kumaliza darasa la sita, kwa sababu maswali yangu yalimchosha mwalimu na majibu yake yalinichosha mimi. Basi nikapata kazi kwenye ghala la baridi karibu na soko, mahali wanapopokea maboksi ya samaki waliogandishwa na kutengeneza barafu ya mapande makubwa kwa ajili ya mama wauzaji. Kazi yangu ilikuwa kutoa mapande kwenye makopo marefu ya bati, kuyafunika kwa magunia na kuyafikisha kwa mteja kabla jua halijayala.

Maji ya kugandisha yalitoka kwenye pipa ambalo sikuona mtu akiliosha. Ndani ya barafu nilikuta magamba, mende, na siku moja nywele ndefu ya bandia, imejikunja katikati ya pande kama mdudu aliyelala. Nilimwonyesha msimamizi. Alitazama, akakuna tumbo.

"Ile haiko ya kukula," akasema. "Iko ya kupoza."

Lakini pande la barafu likiwa juani ni kitu cha kutazama, nami nililitazama mpaka wakaniita mvivu. Pembeni lilikuwa angavu kama kioo na katikati lilikuwa jeupe, kwa sababu hewa ilinaswa humo maji yalipoganda kutoka nje kwenda ndani. Ule weupe uliurudisha mwanga usoni mwangu hata nikafumba macho. Sehemu angavu haikurudisha kitu. Mwanga ulipita ndani yake kama anayepita mlango ulio wazi. Nikiweka pande juu ya gunia jeusi, upande angavu ulianza kuliwa kutoka chini: jua lilipita, likalichoma gunia, na gunia likaila barafu. Nikiliweka juu ya gunia jeupe la unga, lilidumu zaidi. Hakuna aliyenifundisha hayo. Nilikuwa na muda, na nilikuwa na macho.

Tena kulikuwa na vumbi. Malori ya mawe hupita Kolwezi mchana kutwa, na vumbi lake jeusi hutua juu ya kila kitu, juu ya mkate, juu ya nguo za Jumapili, ndani ya sikio la mtoto. Lilitua juu ya barafu pia. Kila punje ilikunywa jua, ikapata moto, ikazama, na ikajichimbia kisima chake kidogo. Kufikia saa sita mchana uso wa pande ulikuwa kama uso wa mtu aliyeugua ndui, matundu tu, na chini ya kila tundu maji kidogo na punje nyeusi imekaa. Hata vumbi la kwetu linajua kuchimba.

Theluji sijawahi kuiona. Niliiona kwenye televisheni ya baa moja, mlima mzima mweupe na watu wakishuka juu ya mbao wamevaa miwani myeusi. Mlevi aliyekuwa jirani yangu alisema ni majivuno ya wazungu, miwani mahali pa baridi. Nilimwambia hapana, ule weupe unawatupia jua machoni, linawapiga kutoka juu na kutoka chini. Akaniuliza nimetoka kule lini. Lakini nilikuwa nimeona mvua ya mawe Kasaji. Ilianguka kwa fujo kisha ikakoma, na jua likatoka mara moja, lile jua kali la kati ya mvua mbili. Mawe ya barafu yaliyoangukia magunia ya makaa yalitoweka tukiyatazama. Yaliyoangukia mihogo myeupe iliyoanikwa yalikaa, yakang'aa, mpaka wanawake wakapiga kelele kwamba macho yanauma. Watu waliyaokota chini kwenye mavi ya mbuzi wakayamung'unya kama peremende. Hapo ndipo nilipoanza kuchukia namna watu wanavyoamini kwamba kitu kikiwa baridi kimekwisha kuwa safi.

Asubuhi moja ya masika mwanamke mmoja alikuja ghalani kabla ya mama wa samaki. Alikuwa mtu mzima, kitenge amekifunga ovyo, macho yamevimba lakini makavu.

"Nipe ile mikubwa," akasema. "Yote yenye mukokoteni inaweza kubeba."

"Iko ya samaki gani, mama? Kama bamekwisha kulegea, barafu haitabasaidia."

"Haiko ya samaki. Iko ya mama yangu."

 Yeye akaendelea kama mtu aliyekwisha kueleza jambo lilelile kwa wengi. Mama yake alikufa jana, nyumbani, Kasulo. Mochari hakuna umeme, waliambiwa kwamba huko maiti ataharibika haraka kuliko nyumbani. Na mdogo wake wa kike yuko njiani kutoka Kasaji kwa pikipiki, na njia imeharibiwa na mvua.

"Akikuta sanduku imefungwa," akasema, "atasema ni mimi njo niliua mama."

"Ju ya nini aseme vile?"

"Ju mi njo nilimuleta huku. Yeye alikatala. Alisema, mama ataenda kufa mu vumbi yenu. Sasa bantu banamupigia telefone, banamwambia kama mama alikufa na bidonda mu mugongo, kama sikuwa namugeuza, kama sikuwa namukulisha. Lazima amuone. Amuone bila kuharibika. Akimukuta amevimba, ataamini kila kitu."

Hilo ndilo alilotaka, na hakutaka kingine. Nilipakia.

Kasulo huwezi kuuita uwanja ule mbele ya nyumba uwanja. Ni nafasi iliyobaki kati ya shimo na shimo. Watu wa pale walichimba chini ya sakafu zao wenyewe wakitafuta kobalti, na nyumba ile ilikuwa na shimo lake pembeni mwa jiko, limefunikwa kwa mbao. Katikati walikuwa wamesimamisha miti minne na kutandaza juu yake turubai jeusi la plastiki, lile ambalo wachimbaji hulitandaza juu ya midomo ya mashimo yao. Chini ya turubai, juu ya mabenchi, kulikuwa na sanduku wazi. Mama mzee alikuwa ndani yake, amefunikwa kitenge mpaka kidevuni, uso nje, kwa sababu kwao kila anayefika kwenye kilio lazima apite kuutazama.

Nilipanga mapande ubavuni na miguuni mwake. Lazima niseme ukweli: nilitaka kukimbia. Joto chini ya lile plastiki lilikuwa kama la tanuri ya mkate. Kulikuwa na harufu ya manukato waliyommwagia, na jasho la watu, na pombe kali ya mahindi tunayoiita lutuku, na juu ya yote harufu ya ghala langu, samaki, samaki, samaki, ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeileta. Maji yalianza kutoka kwenye pembe ya sanduku mara moja. Yalichora mstari mwembamba, yakapita kando ya mafiga ya wanawake waliokuwa wanasonga ugali, yakafika kwa bata. Bata wakayanywa. Hakuna aliyewafukuza.

Ndugu wa kiume wa marehemu ndiye aliyekuwa mkubwa wa kilio. Wote walimwita mujomba. Alikuwa amekaa karibu kabisa na sanduku, kikombe mkononi.

"We muntu wa barafu," akaniita. "Pasua apa kidogo."

Alikuwa anaonyesha pande la miguuni.

"Tata," nikasema, kama tunavyowaita baba zetu, "hii inagusa miguu yake."

"Miguu ya dada yangu. Niliijua mbele wewe uzaliwe. Pasua."

Sikupasua. Alichukua panga mwenyewe, akamega kipande, akakitia kwenye lutuku yake, akakizungusha kwa kidole na kunywa.  Wazee wengine wakaleta vikombe vyao.

Hapo ndipo mjukuu alipotoka ndani. Alikuwa mwanamke mkubwa, mnene, mwenye sauti ya sokoni, na alikuwa amevaa gauni la marehemu, miwani ya marehemu, akitembelea fimbo ya marehemu, mgongo ameupinda. Ambaye hajafika kilio cha huko atashtuka, lakini ndivyo ilivyo: wajukuu wana ruhusa. Bibi yao ni mke mwenzao, babu ni mume wao, na siku ya msiba wanaweza kumtania maiti, kuteka kitu chochote na kudai kikombolewe, wala hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Anayekasirika ndiye mwenye hatia.

"Angalieni!" akapiga kelele akiligonga sanduku kwa fimbo. "Muke mwenzangu banamuuzisha kwa kilo! Nani analeta bitunguu?"

Watu wakaangua kicheko. Hata binti mkubwa, yule aliyekuja ghalani, alitabasamu, kidogo, kisha akaenda kupiga simu. Mdogo wake alikuwa amekwama kwenye matope, bado mbali.

Mapande yaliyobaki kwenye mkokoteni yalikuwa yanatoka jasho. Mkwe mmoja, mchimbaji, akasema mahali pa baridi ni shimoni, jua halijawahi kufika kule. Tukaondoa mbao, tukayashusha kwa kamba. Nilichungulia: mwanga uliingia hatua chache kisha ukakoma kama umekatwa kwa kisu. Hewa iliyotoka ilikuwa baridi na chafu, kama pumzi ya mtu mgonjwa.

Mujomba naye akaja akachungulia.

"Bon," akasema. "Ju ya nini tusimushushe na yeye? Apumuzike kule mpaka mudogo afike."

Binti mkubwa aligeuka kwa kasi hata simu ikamwanguka.

"Mujomba. Mama hataingia mu shimo mara mbili."

Basi barafu ikakaa shimoni, na mama akabaki juu. Kila pande lilipolegea tulivuta jingine. Lakini kila lililotoka kule lilitoka na madoadoa, maana kuta za shimo lile zilikuwa za mawe meusi na kamba ilizikwaruza. Kivulini halikuwa jambo kubwa. Niliyafuta kwa mkono, vumbi likaenea tu.

Jua lilipofika juu kabisa, niliinua kiganja karibu na turubai. Lilikuwa linatoa joto kama bati la jiko. Nikamwambia binti mkubwa kwa sauti ya chini kwamba nyeusi inakunywa jua lote, kisha inalitema chini, juu ya barafu. Hakuniamini, na alifanya vizuri. Aliinua mkono wake mwenyewe, akaushika pale muda mrefu, akaushusha, akaugusisha kwenye shavu la mama yake.

"Mujomba, ile nyeusi inapika mama."

"Kilio ni nyeusi. Unataka baseme tuko na ndoa?"

Ng'ambo ya ukuta mfupi wa matofali alisimama jirani, msafirishaji, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka mashariki. Alikuwa ametoa pole asubuhi, akaleta mchele, na sasa alikuwa anatazama mambo yetu kwa uso wa mtu anayejizuia.

"Pole tena, jirani," akasema. "Lakini kwetu sisi mama angekuwa amepumzika tangu jana, mbele ya magaribi."

"Na ile haraka yenu!" mujomba akajibu. "Munaogopa maiti atabadilisha mawazo?"

"Tunaogopa jua, mzee. Jua haina dini."

Wazee wakacheka ndani ya vikombe vyao. Lakini mjukuu alikuwa amesikia neno moja tu, kwamba turubai linampika bibi, na neno hilo lilimtosha. Aliwaita wenzake.

"Ile plastiki inakamatwa! Inashitakiwa kukunywa jua na kutapikia muke mwenzangu! Tuikamate!"

Kabla mtu hajasimama walikuwa wamekata kamba. Wakalivuta lile turubai kwa vifijo, wakalikunja, wakakaa juu yake karibu na ukuta. Mjukuu alivua miwani ya bibi, akaifuta.

"Ikombolewe na jogoo," akatangaza. "Jogoo mwenyewe, asikuwe kifaranga. Bila ile, plastiki inalala gerezani."

Jua likaanguka juu ya sanduku.

Sijawahi kuona kitu kama kile, na nisingependa kukiona tena. Mapande yaliwaka. Ule weupe wa katikati ulitupa mwanga kila upande, wazee wakaficha macho kwa viganja, na uso wa mama mzee, uliokuwa wa kijivu kivulini, ukamulikwa kutoka ubavuni kama uso ulio karibu na taa. Niliinama karibu. Ndani ya sehemu angavu, pale jua lilipopenya, vilikuwa vinazaliwa vitu vidogo vya maji, kama maua yenye petali sita, kila ua na tone la utupu linalong'aa katikati. Yalifunguka nikiyatazama, mamia, ndani kwa ndani, bila kitu chochote kuyagusa isipokuwa mwanga. Yalikuwa mazuri mno. Na kitenge cha maiti kilikuwa pale pale nyuma yake, kimelowa, na nzi mmoja anatembea juu ya barafu akijisafisha miguu. Nilijisikia mchafu kwa kuona uzuri mahali pale. Bado najisikia hivyo nikikumbuka.

Kisha visima vikaanza. Kila punje nyeusi kutoka shimoni ikapata moto na kuzama. Mapande yalitoboka mbele ya macho yetu, na mstari mwembamba wa maji ukawa kijito.

"Rudisheni ile plastiki!" mkwe akapiga kelele.

"Jogoo!" wajukuu wakajibu.

"Batoto bale banachezea nini, mama anayeyuka!"

"Hayeyuki, anatoka jasho, alizoea kulima! Jogoo!"

Na hakuna aliyeweza kuwanyang'anya. Desturi ni desturi. Mujomba, ambaye kwa neno lake watu wazima walikaa na kusimama, alitazama kikombe chake. Mtu alitumwa kutafuta jogoo, na katika mtaa ule ambao udongo wote umegeuzwa chini juu, jogoo si kitu cha kupata mara moja.

Ni binti mkubwa aliyefanya kitu. Alifungua kitenge chake cha juu, akapanda kwenye benchi, akasimama mguu mmoja kila upande wa sanduku, mikono juu, kitenge kimetandazwa kwenye jua. Kivuli chake kikaangukia uso wa mama. Uso tu, na kifua kidogo, kwa sababu mtu mmoja hana kivuli kikubwa. Alisimama hivyo.  Maji meusi kutoka kwenye mapande yalimrukia miguuni, yakalowesha kitenge chake cha ndani mpaka magotini, na yeye hakuangalia chini. Kicheko kikafa chenyewe, kwanza kwa wanawake wa jikoni, kisha kwa wajukuu.

 Jirani alitoweka nyuma ya ukuta, na punde tukasikia vyuma vya lori lake vikigongana. Alirudi na turubai la lori, jeupe, au lililokuwa jeupe zamani, lina mafuta na viraka. Tulilifunga kwenye miti sisi wawili. Nililigusa kutoka chini: lilikuwa vuguvugu tu.

"Ashuke sasa," jirani akaniambia, maana yeye hakutaka kumgusa mwanamke asiye wake. Nikamshusha binti mkubwa. Alikuwa mzito kama gunia lililolowa, na alinuka kama sakafu ya ghala langu siku ya kusafisha.

Mujomba alikuwa ameona vya kutosha, au ameona aibu ya kutosha. Alisimama.

"Funga," akasema. "Jua inageuka. Tuzike."

"Mujomba, ngoja. Eko karibu."

"Tangu asubuhi eko karibu. Barafu inakwisha, uso iko bado muzuri, tufunge nayo vile. Bataenda kumwambia."

"Kumwambia!" binti mkubwa akasema.  

Mfuniko wa sanduku ulikuwa umeegemezwa ukutani. Mafundi wawili wakaufuata. Mjukuu aliwaona, akauwahi, akaulaza chini na kuukalia kwa uzito wake wote, gauni la bibi likipasuka mahali.

"Huu mufuniko uko wangu," akasema. "Unakombolewa na jogoo wa pili."

"Wewe, acha sasa," mujomba akanguruma.

"Unakasirika, mujomba? Muliona? Mujomba anakasirika ku kilio ya muke mwenzangu!"

Alisema hivyo akicheka, lakini macho yake yalikuwa kwa shangazi yake, binti mkubwa, wala hayakucheka. Mujomba alikaa. Ndani ya sanduku nilipanga vipande vya mwisho kutoka shimoni, vidogo sasa, vya kushika kwa mkono mmoja. Nilivizungushia shingo ya mama mzee. Vidole vyangu viligusa ngozi yake, na harufu ile, ambayo bado haikuwa ya kuoza lakini ilikuwa inajiandaa, ilinipanda puani. Nilienda nyuma ya choo nikatapika. Niliporudi, hakuna aliyeniuliza kitu.

Pikipiki ilisikika kabla haijaonekana. Mdogo alishuka nyuma ya dereva akiwa matope mpaka nywele, koti la mvua la plastiki limemganda mwilini. Hakulia. Alipita katikati ya watu bila kusalimia, akafika kwenye sanduku, akatazama uso. Muda mrefu. Kisha akasema:

"Funueni."

Watu wakatazamana. Binti mkubwa ndiye aliyekiondoa kitenge. Mdogo alianza mikononi. Aliinua mkono mmoja, akaugeuza, akaangalia kiwiko. Alishika visigino, akavipapasa kwa kidole gumba. Akamwambia dada yake wamgeuze ubavu, na wakamgeuza, wao wawili tu, na maji yakamwagika. Alitazama mgongo wa mama yake kama mtu anayenunua nguo kuukuu anavyotafuta tundu. Ngozi ilikuwa imekunjamana kwa maji, nyeupe-nyeupe, na punje nyeusi za vumbi zimeshikamana nayo. Alizifuta moja moja. Chini yake hapakuwa na kitu.

"Bidonda biko wapi?" akauliza.

"Hakuna," dada yake akajibu.

"Balinidanganya."

"Balikudanganya."

Walimlaza tena. Mdogo alibaki ameshika ukingo wa sanduku. Alianza kuangalia vitu vingine sasa, turubai la lori, matundu kwenye vipande vya barafu, kijito kinachokwenda kwa bata, kisha miguu ya dada yake na nguo zake.

"Ulikaa na yeye wapi?"

"Apa."

"Mu hii maji?"

"Mu hii maji."

Mdogo alisogea, akaweka pua begani mwa dada yake, akavuta pumzi. Uso wake ulikunjamana kama wa aliyemeza dawa. Nilijua alichonusa. Kila mtu pale alijua.

"Yaya," akasema, ndivyo wanavyomwita dada mkubwa, "unanuka mubaya."

Wanawake wa jikoni walishika vinywa. Binti mkubwa alisimama tu, mikono imelegea. Mdogo akafungua koti lake la plastiki, na chini yake, kimekunjwa na kufungwa kifuani ili mvua isikiguse, kulikuwa na kitenge kipya, kikavu, alichokuja nacho kwa ajili ya maziko.

"Enda vaa hii. Mama hatasindikizwa na muntu wa kunuka samaki."

"Na wewe utavaa nini?"

"Mi niko na matope tu. Matope hainuki. Enda."

Dada alikipokea kwa ncha za vidole ili asikichafue, akaingia ndani. Mjukuu aliondoka juu ya mfuniko bila kudai jogoo. Mafundi wakauinua, mujomba akatoa misumari mfukoni na kushika nyundo.

"Ngoja," mdogo akamwambia, bila heshima na bila hasira. "Yaya anavaa."

Tukangoja, sote, hata mujomba, nyundo mkononi. Jua lilikuwa limeshuka na sasa lilituingilia kutoka upande, chini ya turubai. Vipande vya mwisho vikawa vinapungua shingoni mwa mama mzee, na hakuna aliyesema tena kwamba tuna haraka.